Maneno Magumu ya Kiingereza: Jinsi ya Kuyachagua, Kuyaelewa na Kuyafanya Yakae Kichwani

Daftari la maneno magumu linajulikana sura yake, na halikosekani kwenye mabweni ya kidato cha tano, Mtwara au Lindi. Kushoto kuna neno la Kiingereza, katikati alama ya sawasawa, kulia neno moja la Kiswahili. "Reluctant" ni kusita. "Notorious" ni maarufu. Kurasa arobaini za namna hiyo. Kisha mtihani unakuja na mwanafunzi anaandika: "Mtwara is notorious for cashew nuts." Tahajia sawa, sarufi sawa, sentensi imeharibika. "Notorious" ni umaarufu wa ubaya: jambazi, barabara inayoua watu, kiongozi mla rushwa. Kwa hiyo ameandika kwamba korosho ni aibu ya mkoa. Hakukosea yeye, daftari ndilo lililomdanganya.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye Kiingereza cha kawaida anacho na sasa anataka kupanda: mwanafunzi wa kidato cha tano na sita, wa chuo, karani wa ghala la chama cha msingi, fundi anayeomba kazi kwenye mitambo ya gesi. Unahitaji nusu saa kwa siku, karatasi moja ya manila, kalamu za rangi mbili, na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha. Kamusi ya kwenye simu inafaa kabisa, ila pakua ile inayofanya kazi bila bando.

Hatua ya kwanza: jipime

Chukua gazeti la Kiingereza, Daily News au The Citizen, hata la mwezi uliopita. Chagua habari moja, hesabu maneno 100 mfululizo, na piga mstari chini ya kila neno usilolijua. Yakiwa mawili au pungufu, habari hiyo ni nyepesi kwako. Tafuta tahariri au makala ya uchumi. Yakiwa matatu hadi matano, hapo ndipo mahali pako pa kujifunzia. Yakizidi kumi, acha maneno magumu kwanza. Hutaweza kukisia maana kwa muktadha, maana muktadha wenyewe huuelewi.

Aliyezidi kumi arudi kwenye maneno ya msingi. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno takriban 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza, na mpaka leo orodha za namna hiyo ndizo ngazi ya kwanza. Ngazi ya pili ni orodha ya Averil Coxhead wa New Zealand, ya mwaka 2000: familia 570 (neno pamoja na ndugu zake wa mzizi mmoja) za maneno ya kitaaluma, kama "significant", "derive", "assess" na "consequent". Ukiichukua makala yoyote ya chuo, iwe ya sheria, biashara au sayansi, karibu neno moja katika kila kumi linatoka humo. Familia 570 tu. Ndiyo maana tunashauri uzimalize hizo kabla ya kukimbilia maneno ya kujionyesha kama "obfuscate", ambayo unaweza kufanya kazi mwaka mzima bandarini usiyasikie hata mara moja.

Ujue pia safari ina urefu gani, usije ukakata tamaa. Mtafiti Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya au gazeti bila kusaidiwa kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Hakuna kitini cha "maneno 300 ya kuongea kama Mwingereza" kitakachokufikisha huko.

Hatua ya pili: chagua maneno machache, tena yako

Maneno matano kwa siku, siku tano kwa wiki. Hiyo ni 25 kwa wiki, na ndani ya wiki 40 ni 1,000. Wanaoanza na maneno thelathini kwa siku huwa wameacha kufikia wiki ya tatu, si kwa uvivu, bali kwa sababu marudio yanawalemea: kila neno jipya unaloliingiza leo litadai muda wako wiki ijayo na mwezi ujao.

Neno liingie kwenye kadi (tutazitengeneza hatua ya nne) ukikutana nalo mara mbili katika mambo unayosoma kweli. Karani wa korosho ana maneno yake. Mfano ni "outturn". Kwenye biashara ya korosho neno hili ni kiasi cha kiini kizuri kinachopatikana katika korosho ghafi, na hupimwa kwa ratili katika gunia la kilo 80. Mnunuzi akisema "outturn" ni 50, anamaanisha ratili 50 za kiini katika kilo hizo 80. Ligeuze neno hilo mbele nyuma upate "turnout", na sasa unazungumzia idadi ya watu waliojitokeza kupiga kura au kuhudhuria mkutano. Ripoti inayosema "the turnout of the nuts was 50" inamfanya mnunuzi ajiulize korosho zilikuwa zinampigia kura nani. Na "kernel", yaani hicho kiini chenyewe, hutamkwa sawasawa na "colonel", cheo cha kanali jeshini, ingawa maandishi yake hayafanani hata kidogo.

Anayelenga gesi ya Mnazi Bay au Songo Songo atakutana na "reservoir", "pipeline", "procurement" na "compliance". Wa kinywe kule Ruangwa atakutana na "deposit" ambayo si pesa ya benki, bali madini yaliyolala ardhini. Wa utalii Kilwa ana "ruins", "heritage", "deteriorate" na "restore". Kila mmoja aanzie kwenye uga wake, kwa kuwa neno utakaloliona tena kesho lina nafasi kubwa ya kukaa kuliko lile lililotoka kwenye orodha ya mtu mwingine.

Tahadhari moja ambayo walimu wengi huisahau: usijifunze siku moja maneno yanayofanana sura au yanayopingana maana. "Adopt", "adapt" na "adept" ukiyaweka pamoja Jumatatu, ikifika Ijumaa hujui lipi ni lipi. Jifunze moja, lisubiri likae wiki mbili, ndipo umlete ndugu yake.

Hatua ya tatu: tafuta maana kwa mpangilio

Kwanza kisia. Soma sentensi nzima, na ile iliyotangulia, halafu andika kwa penseli unachodhani. Kisha fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza. Kiswahili kije mwisho, kama muhuri wa kuthibitisha.

Ndani ya kamusi usichukue maana ya kwanza ukakimbia. Angalia "tender". Kwenye tangazo la halmashauri ni zabuni. Kwenye mapishi ni nyama iliyolainika. Kwa daktari ni sehemu ya mwili inayouma ukiigusa. Kama kitenzi, "tender a resignation" ni kuwasilisha barua ya kujiuzulu. Anayejua "tender ni zabuni" peke yake ataduwaa daktari atakapoandika "tender abdomen".

Angalia pia vidokezo vidogo ambavyo kamusi nzuri huviweka kando ya neno: kwamba ni la kiofisi, la mtaani, au la kulaumu. Hapo ndipo ungeliona kosa la "notorious" mapema. Kiswahili nacho kina tofauti hizi, tunazibeba tu bila kuzifikiria. Mtu anayetunza fedha zake akiitwa bahili atakasirika, akiitwa mwekevu atatabasamu. Kiingereza kina "stingy" na "thrifty", na atakayeandika kwenye barua ya kuomba kazi kwamba yeye ni "stingy with company funds" asishangae simu isipoita.

Kuna mtego mwingine upande wetu: maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kuhamia Kiswahili yakabadilika tabia. Hoteli kwetu ni hata banda la chai na chapati stendi. Kwa Mwingereza "hotel" lazima pawe na vitanda. Presha kwetu ni ugonjwa, lakini ukimwambia daktari mgeni "I have pressure" atadhani kazi zimekuelemea, maana ugonjwa huo ni "high blood pressure" au "hypertension". Neno likionekana la kawaida mno, ndilo la kulitazama mara mbili.

Hatua ya nne: tengeneza kadi

Manila moja ukiikata vipande vya sentimita 7 kwa 10 inatoa kadi 50 hadi 60, za kutosha wiki mbili. Kadi ina pande mbili, na kosa la wengi ni kuandika neno upande mmoja na tafsiri upande wa pili, yaani daftari lile lile lililokatwakatwa.

Tuchukue "mitigate", tuijaze yote.

Upande wa mbele andika sentensi yenye pengo: "Farmers dust the trees with sulphur to m______ the damage caused by powdery mildew." Herufi ya kwanza iache, ili jibu liwe moja tu. Sentensi hii kila mtu wa Newala au Masasi anaiona machoni: mkorosho, bomba la salfa, ubwiriunga kwenye maua. Picha hiyo ndiyo itakayolishika neno.

Upande wa nyuma weka mambo matano. Neno lenyewe, na silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa: MI-ti-gate. Aina yake: kitenzi, na lazima kifuatwe na kitu kinachopunguzwa. Maana kwa maneno yako: kupunguza ukali au madhara ya jambo baya, bila kuliondoa kabisa. Marafiki zake: "mitigate the risk", "mitigate the impact", "mitigate losses". Familia yake: "mitigation", "mitigating", na "unmitigated", ambayo huandamana na "disaster" kwa maana ya balaa tupu lisilo na nafuu yoyote.

Kwa kalamu nyekundu, chini kabisa, andika kosa linalolizunguka. Kwa "mitigate" kosa ni "mitigate against". Wengi huliandika, hata kwenye ripoti za mashirika. Wanalichanganya na "militate against", yaani kuwa kikwazo kwa jambo fulani. "Mitigate" haihitaji "against".

Mstari wa marafiki usiuruke. Kiswahili tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga picha na tunapiga kura, na hakuna anayeuliza kwa nini. Mgeni akisema "fanya simu" tunamwelewa lakini sikio linakataa. Kiingereza kina ndoa za namna hiyo hiyo. Hujuma huwa "committed", uamuzi huwa "reached", juhudi huwa "made", hasara huwa "incurred". Andika "we got losses" na msomaji ataelewa, ila atajua pia kiwango chako.

Hatua ya tano: jifunze ukoo mzima

Hapa Mswahili ana faida ambayo hajaitumia. Tumezoea mzizi mmoja kuzaa: lima, mkulima, kilimo, limisha, limika. Kiingereza kinafanya hivyo hivyo, ila kinabandika zaidi mwishoni: "compete", "competitor", "competition", "competitive", "competitively". Ukijifunza mmoja, waandike wote, na useme kila mmoja ni nomino, kitenzi, kivumishi au kielezi. Kisha angalia wanaofanana lakini wametengana maana. "Economic growth" ni ukuaji wa uchumi. "An economical engine" ni injini isiyokula mafuta. Pikipiki ni "economical", bajeti ya taifa ni suala la "economic policy".

Mizizi ya Kilatini na Kigiriki inasaidia kukisia. "Mal-" hubeba ubaya: "malnutrition", "malfunction", "malpractice". "Spect" hubeba kutazama: "inspect", "retrospect", "perspective". Lakini usiiamini kupita kiasi. "Inflammable" inaonekana kama "isiyoshika moto", kumbe maana yake ni sawa kabisa na "flammable": inashika moto kirahisi. Atakayelikosea hilo karibu na lori la petroli anaweza asipate nafasi ya kusahihisha. "Invaluable" nayo si kitu kisicho na thamani. Ni kitu chenye thamani isiyokadirika. Mzizi ukupe dhana, kamusi ikupe hukumu.

Hatua ya sita: sikia, tamka

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tunauhamishia huo huo kwenye Kiingereza. Matokeo yake ni "eco-NO-my" badala ya "e-CO-no-my". Kiingereza huhamisha mkazo familia ikikua: PHO-to-graph, pho-TO-gra-pher, pho-to-GRA-phic. Mkazo ukikosewa, mgeni anaweza asilitambue neno kabisa hata kama kila herufi umeitamka. Bonyeza kipaza sauti cha kamusi ya simu, sikiliza mara tatu, rudia mara tatu, kisha andika silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa.

Herufi bubu nazo. Mfumo wa stakabadhi ghalani kwa Kiingereza ni "warehouse receipt system", na "p" ya "receipt" haitamkwi. Vivyo hivyo "b" ya "debt" na ya "subtle".

Kwa waliokulia Kimakonde kuna zoezi la ziada. Lugha hiyo haina sauti ya r, na r na l hubadilishana hata kwenye Kiswahili cha wengi. Kwenye soga haina neno. Kazini inaweza kuleta hasara, kwa sababu "collect the invoice" ni kwenda kuichukua ankara, na "correct the invoice" ni kuisahihisha. Soma jozi kwa sauti, dakika mbili kila siku: "collect, correct", "alive, arrive", "lice, rice". Jozi hii ya mwisho inatosha kumfanya mtu awe makini mgahawani.

Hatua ya saba: rudia kabla hujasahau

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: sehemu kubwa ya unachojifunza hupotea ndani ya siku ya kwanza, kisha upoteaji hupungua kasi. Kwa hiyo rudio la kwanza liwe kesho yake. Yanayofuata: siku ya 3, ya 7, ya 14, ya 30.

Njia rahisi ni boksi la viatu lililogawanywa vyumba vitano, utaratibu alioueneza Sebastian Leitner miaka ya 1970. Kadi mpya huingia chumba cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Ukiipata, inahamia cha pili, kinachopitiwa kila baada ya siku mbili. Kisha cha wiki, cha wiki mbili, cha mwezi. Ukiikosa, hata kama ilifika chumba cha tano, inarudi cha kwanza bila huruma. Anayependa simu atumie programu ya kadi iitwayo Anki, inayopanga tarehe yenyewe na haihitaji intaneti wakati wa kujipima.

Jipime kwa kutoa, si kwa kutazama. Soma sentensi yenye pengo, sema neno kwa sauti, ndipo ugeuze kadi. Kugeuza haraka na kusema "aa, hili nalijua" ni kujidanganya: kulitambua neno na kulitoa kichwani ni kazi mbili tofauti.

Hatua ya nane: litumie neno, usahihishwe

Kila Ijumaa chagua maneno matano ya wiki, andika aya moja ya sentensi sita juu ya jambo halisi la hapa. Kwa mfano mradi wa karanga wa Waingereza uliofika mpaka Nachingwea, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Unabeba maneno mengi bila kulazimisha: "ambitious", "feasible", "inadequate", "abandon", "consequence". Mpe aya hiyo mwalimu au mwenzako anayekuzidi, na umwombe akague marafiki wa maneno kuliko tahajia. Tahajia simu itaisahihisha.

Makosa anayopaswa kuyawinda ni yale yanayotoka Kiswahili moja kwa moja. "Discuss about", kwa kuwa tunajadili kuhusu. Kiingereza husema "discuss the price" tu. "Emphasize on", kwa kuwa tunasisitiza juu ya. "Equipments", "informations", "advices", kwa kuwa vifaa, taarifa na ushauri kwetu havina tatizo la wingi. Kiingereza hukataa hiyo "s", na ukitaka kuhesabu utasema "a piece of equipment", "two pieces of advice".

Maneno magumu mawili kwenye aya yanatosha. Kwenye barua ya kuomba kazi, "I wish to apply for the position" inampendeza mwajiri kuliko sentensi iliyosheheni "endeavour", "plethora" na "myriad" mpaka hajui unaomba nini.

Zitabaki kadi sugu, zinazorudi chumba cha kwanza kila wiki. Usizikariri kwa nguvu. Kadi iliyokosewa mara tatu mfululizo kwa kawaida ina sentensi mbovu, ya kuazima, isiyo na picha yoyote kichwani mwako. Ichane, andika sentensi mpya yenye mahali na mtu unayemjua. Ikikosewa tena, itoe boksini na uiweke pembeni hadi utakapokutana na neno hilo tena gazetini au kazini.